Rilwanu Lukman: injeniere wa migodi aliyekaa kwenye meza ya bei ya mafuta

Bei ya esansi ikipanda Kisangani, motari analaumu kadhafi mwenye chupa zake pembeni ya barabara. Kadhafi analaumu mwenye depo. Mwenye depo anasema barji imechelewa kupanda mto kutoka Kinshasa, ama lori limekwama kwenye potopoto kati ya Mambasa na Bafwasende. Wote wana sehemu ya ukweli. Lakini kabla ya barji na kabla ya lori kuna bei nyingine, ile ya dunia, inayozungumzwa mbali sana na sisi. Kwa miaka mingi Mwafrika mmoja alikuwa katikati ya mazungumzo hayo: Rilwanu Lukman, wa Nigeria.

Tunaeleza maisha yake ya kazi hapa kwa sababu Kongo nayo inatafuta wanunuzi wa vitalu vyake vya mafuta, vingine ndani ya misitu ya bonde letu. Waziri wa mafuta anafanya kazi gani hasa? Je, inatosha awe mtu aliyesoma mambo ya udongo na mashine? Safari ya Lukman inajibu sehemu ya swali hilo, hata pale aliposhindwa.

Alizaliwa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, tarehe 26 Agosti 1938. Hakusomea mafuta. Alisomea uhandisi wa migodi huko London, katika Imperial College, kisha akafanya kazi kwenye migodi ya Sweden kabla ya kurudi kwao kuwa mkaguzi wa migodi wa serikali. Baadaye aliongeza masomo Leoben, Austria, na Montreal, Kanada. Katikati ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha saruji cha Sokoto, halafu akaongoza shirika la serikali la migodi lililokuwa Jos. Tuseme wazi: mpaka anafikisha miaka arobaini na kitu, alikuwa mtu wa mawe, saruji na vitabu vya hesabu za kampuni. Siasa ilimfuata yeye. Mwaka 1984, serikali ya kijeshi ya Muhammadu Buhari ilimpa wizara ya migodi, umeme na chuma. Mwaka 1986, chini ya Ibrahim Babangida, akahamishiwa wizara ya mafuta.

Alifika wakati mbaya. Mwaka huo bei ya pipa ilianguka mpaka chini ya dola 10, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa karibu na dola 30. Ili kuelewa sababu, waza soko la samaki. Wagenia wote wakiteremsha samaki siku moja, bei inakufa, na kila mmoja anarudi nyumbani na pesa kidogo hata kama kapu lake lilijaa. Dawa ni kukubaliana: leo wewe leta kumi, mimi nalete kumi. Ndiyo kazi ya OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, wenye makao Vienna, ambao Nigeria iliingia mwaka 1971. Kila nchi inapewa mgao wake wa mapipa kwa siku. Shida ni kwamba kila mmoja anatamani mwenzake apunguze, yeye aendelee kuuza. Tena hakuna polisi wa kumkamata anayedanganya.

Lukman akawa mwenyekiti wa mikutano ya mawaziri wa umoja huo. Kwenye meza hiyo moja walikaa Iran na Irak, ambao askari wao walikuwa wanauana kwenye mpaka tangu 1980. Ilikaa pia Saudia, iliyokuwa imechoka kupunguza mafuta yake ili wengine wafaidike. Desemba 1986 mawaziri walikubaliana kupunguza uzalishaji na kushikilia bei ya dola 18 kwa pipa. Irak ilikataa mgao wake, lakini wengine walibaki ndani, na bei ikapanda tena. Lukman aliendelea na kiti hicho mpaka 1989.

Kwa nini yeye? Uinjeniere ulimsaidia kusoma takwimu bila kudanganywa, sawa. Lakini kwa maoni yetu jambo kubwa lilikuwa lingine. Nigeria ilikuwa muuzaji mkubwa wa kutosha kusikilizwa, na haikuwa na ugomvi wa Ghuba. Waarabu na Wairani wote waliweza kumpokea chumbani kwake usiku, kila mmoja kwa zamu yake. Hiyo ni diplomasia tupu, na haifundishwi kwenye shule ya migodi. Si ajabu kwamba Babangida alimpa baadaye wizara ya mambo ya nje, ingawa hakukaa hapo sana.

Januari 1995 alirudi Vienna kama katibu mkuu wa OPEC, baada ya kiti hicho kubaki bila mwenyewe kwa miezi kadhaa kwa sababu wanachama hawakuelewana. Watu wengi wanafikiri katibu mkuu ndiye bosi wa mafuta ya dunia. Hapana. Hapigi kura, hana hata pipa moja la kwake. Anaandaa takwimu, anapigia mawaziri simu, anatafuta maneno ambayo wote wanaweza kutia sahihi. Na mawaziri wanaweza kukosea mbele yake. Novemba 1997, huko Jakarta, waliongeza mgao wakati uchumi wa Asia ulikuwa tayari unaanguka. Mwisho wa 1998 pipa likarudi karibu na dola 10. Ilibidi Machi 1999 wapunguze tena kwa nguvu, pamoja na nchi za nje ya umoja kama Meksiko na Norwe, na mwaka 2000 bei ikapita dola 30.

Wakaaji wa Kisangani waliokuwa watu wazima wakati huo watasema: sisi hatukuona mafuta ya bei ndogo mwaka 1998. Ni kweli. Vita vilianza Agosti mwaka huo, mji ukachukuliwa na waasi, na mto ukakatika kati yetu na Kinshasa. Bei ya dunia ni mwanzo tu. Njia ndiyo inayomaliza hesabu.

Lukman aliondoka Vienna mwisho wa 2000. Tayari alikuwa mshauri wa rais Olusegun Obasanjo kwa mambo ya mafuta, na Desemba 2008 rais Umaru Yar'Adua alimrudisha kwenye wizara, akiwa na miaka 70. Hapo alishika kazi ambayo kwetu tunaona ni ngumu kuliko zote: kuandika upya sheria ya mafuta ya Nigeria. Kamati aliyoongoza ilitaka kutenganisha yule anayefanya biashara ya mafuta na yule anayemsimamia, maana shirika moja la serikali lilikuwa limechanganya kazi hizo kwa miaka mingi. Alitoka wizarani Machi 2010 sheria ikiwa bado bungeni. Alifariki Vienna tarehe 21 Julai 2014. Sheria yenyewe ilitiwa sahihi Agosti 2021, na aliyeitia sahihi ni Buhari yule yule, safari hii akiwa rais aliyechaguliwa.

Mtu aliyepatanisha Iran na Saudia hakuweza kupatanisha wabunge, magavana na kampuni za nchi yake. Na wakati wote huo, watu wa delta ya mto Niger waliendelea kuvua kwenye maji yenye mafuta. Mwaka 1995, akiwa katibu mkuu Vienna, serikali ya kijeshi ya Sani Abacha ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane, watetezi wa Waogoni. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulisema kusafisha ardhi ya Waogoni kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Hatusemi Lukman ndiye aliyemwaga mafuta hayo. Lakini meza aliyoijua vizuri haikuwa na kiti cha mvuvi.

Sheria ya 2021 inalazimisha kila kampuni kuweka asilimia 3 ya gharama zake za uendeshaji za mwaka uliopita kwenye mfuko wa jamii zinazoishi penye visima. Kuna sharti: bomba likiharibiwa kwa makusudi, pesa ya matengenezo inakatwa kwenye mfuko huo huo. Kijiji kizima kinalipa kwa ajili ya mwizi mmoja.

Sasa turudi kwetu. Mafuta ya Kongo yanatoka Muanda, Kongo Central, na sheria inayoyatawala ni ya tarehe 1 Agosti 2015. Julai 2022 serikali ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi, pamoja na vile vya bonde la kati. Oktoba 2024 waziri Aimé Sakombi Molendo aliufuta mnada wa mafuta: barua za wanunuzi zilichelewa ama hazikufuata masharti, na ushindani haukuwepo. Mei 2025 vikatangazwa vitalu 52. Miezi michache kabla, Januari, serikali hiyo hiyo ilikuwa imeanzisha Ukanda wa Kijani Kivu-Kinshasa, unaofuata mto na kupita hapa Tshopo, na sehemu kubwa ya ukanda huo inaingia kwenye ramani ya vitalu vipya. Upande wa magharibi wa bonde, chini ya msitu wa potopoto, kuna ule udongo wa mboji ambao watafiti, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Kisangani, wamekuwa wakiupima. Unashika karibu tani bilioni 30 za kaboni, ukihesabu na upande wa Brazzaville.

Kwa hiyo yeyote atakayeketi kwenye kiti cha hidrokaboni Kinshasa ana mazungumzo mawili mkononi. Moja ni na kampuni zinazokuja kuchimba, lingine ni na wale wanaotaka msitu ubaki. La tatu, lile la kuongea na vijiji vyenyewe kabla ya sahihi, Nigeria ilianza kuliandika kwenye sheria zaidi ya miaka 60 baada ya pipa la kwanza kutoka Oloibiri.