Kuitia Kalafati Motokaa Katika Nchi ya Theluji

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kusi likikaza hapakuwa na mtu wa kumshawishi atie chombo majini. Jahazi lilipandishwa ufukoni, mafundi wakapigilia pamba ya kalafati katika maungo ya mbao, kisha chini likapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Sisi watoto tukiikimbia harufu yake. Sikudhani hata siku moja kwamba deheni ningeikumbukia Kanada, nimesimama nje ya gereji, baridi inaniingia mifupani, namtazama fundi akibadilisha matairi.

Niliendesha teksi Mombasa kwa miaka 22. Matope ya masika nayajua, na foleni ya feri ya Likoni naijua, basi mwaka 2015 nilipomfuata binti yangu mjini Ottawa nilijiona dereva aliyekwisha kufuzu. Nikafanya mtihani wao, nikapewa leseni, na kazi yangu ikawa kuwapeleka wajukuu madrasa kila Jumamosi.

Mwezi wa Novemba mkwe wangu aliniambia kwa adabu, "Baba, matairi haya ni ya kiangazi. Tuyabadilishe." Nikamjibu kwamba hayajatimiza hata miezi minne tangu kununuliwa, na kutupa fedha ni israfu. Isitoshe, Ottawa imo katika jimbo la Ontario, ambako sheria haimlazimishi mwenye gari dogo kuweka matairi ya baridi. Ng'ambo ya mto, katika jimbo la Quebec, ni lazima tangu tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Mimi kukosekana kwa sheria nikakufanya ruhusa.

Jumamosi moja ya Desemba tulitoka asubuhi. Barabara ilikuwa nyeusi, yang'aa kama lami iliyonyeshewa, wala sikuona theluji juu yake. Wajukuu wawili walikuwa nyuma wakidurusi sura zao. Kwenye mteremko wa kuingia njia panda taa ikawaka nyekundu, nikakanyaga breki kama nilivyozikanyaga maisha yangu yote. Gari halikusimama. Breki zilitetema chini ya mguu wangu, na gari likateleza taratibu, bila kelele, mpaka katikati ya njia panda. Basi la abiria lilipita mbele yetu, karibu hata nikaona uso wa mama mmoja aliyekaa dirishani. Nyuma kukawa kimya. Kisha yule mdogo, mwenye miaka saba, akaniuliza, "Babu, mbona hukusimama?"

Sikuwa na jawabu. Jumatatu nilikwenda gereji mwenyewe.

Fundi alinieleza kwamba mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya digrii 7, hata pasipo theluji, na huko Januari baridi hufika digrii 20 chini ya sifuri na kuzidi. Tairi la baridi mpira wake hubaki laini, na limechanjwachanjwa liume barabara. Alama yake ni mlima wa vilele vitatu wenye ua la theluji ndani. Hubadilishwa yote manne. Ukiweka mawili tu ya mbele, nyuma ya gari huweza kuzunguka ikakupita. Fedha zake si haba, lakini tangu mwaka 2016 kampuni za bima za Ontario zinalazimika kumpunguzia ada mwenye kuyaweka.

Ile barabara nyeusi nayo ilikuwa na barafu nyembamba inayoonyesha lami chini yake. Madaraja hushika barafu kabla ya mahali pengine, kwa kuwa upepo wa baridi hupita juu na chini yake. Hapo dawa ni mwendo mdogo na kuachana sana na gari la mbele. Gari likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, na ugeuze usukani kwa upole. Kwenye Peugeot yangu ya teksi nilizoea kupiga breki na kuachia, kupiga na kuachia. Breki za siku hizi hujikamata na kujiachia zenyewe; wewe kanyaga ushikilie. Wala usidanganywe na gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne: hukusaidia kuondoka, si kusimama.

Mambo ya injini sitayarefusha. Betri hupoteza nguvu nyingi katika baridi, basi ipimwe mapema. Rejeta haitiwi maji matupu ya mfereji, maana maji yakiganda hutanuka yakapasua injini. Huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Nilipoona magari yana waya wa stima unaning'inia mbele nilicheka, kumbe ni wa kuipasha moto injini usiku.

Linalonitisha zaidi ni bomba la moshi. Mtu hukwama katika theluji, akaacha injini ikinguruma ili watoto wapate joto, naye hajui kwamba bomba limezibwa. Moshi wenye sumu isiyo rangi wala harufu huingia ndani, wakasinzia wote wasiamke. Ukikwama, kwanza shuka ulifukue bomba, kisha ufungue dirisha kidogo. Mimi ndani ya buti naweka beleshi, mchanga, blanketi, tochi na tende.

Kuna na jambo letu Waislamu. Desemba jua la Ottawa huzama kiasi cha saa kumi na dakika ishirini jioni, watu wanapotoka kazini, na wengi hukimbilia msikitini kuiwahi jamaa ya Magharibi. Nimewaona wakikata kona gizani kana kwamba wako Digo Road. Wakati wa Magharibi huko una saa moja na nusu na zaidi. Siwaelewi.

Nayaandika haya kwa sababu mitaa yetu ya Pwani ina watoto Toronto, Minneapolis na kwingineko. Wengi hufika mwisho wa kiangazi, jua lingali kali, wakanunua motokaa rahisi, na aliyewauzia hataji matairi. Sisi wazazi twapiga simu kuuliza, "Umekula? Umesali?" Ikifika Oktoba, ndugu msomaji, muulize mwanao pia amevaa matairi gani. Atacheka, kama nilivyocheka mimi.

Oktoba iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenye foleni ya gereji. Yule mjukuu aliyeniuliza sasa amepata leseni ya kujifunza, na ndiye aliyeyabeba matairi kutoka ghalani. Tulipokuwa tukingoja nilimweleza habari za jahazi na deheni. Akataka kujua inanukaje. Nikamwambia, vibaya sana.