Popo wa miembe tunawaonea, tumtazame ngamia

Msimu wa maembe ukifika hapa Garsen, popo hushinda usiku kucha mitini, na asubuhi tunaokota maembe yaliyotafunwa. Tangu korona ije, barazani hakukosi mtu wa kusema miembe ikatwe. Mimi nakataa, na sababu yangu ni ngamia.

Kirusi hakina nia ya kuhama. Kinapojinakili ndani ya popo hukosea hapa na pale, na nakala nyingi zenye makosa hufa. Mara moja moja hutokea nakala ambayo ufunguo wake unaingia kwenye kitasa cha mnyama mwingine. Popo mwenyewe mara nyingi haugui, kwa kuwa kinga yake huvumilia virusi bila kuuchoma mwili kwa homa.

Chukua MERS, ugonjwa uliotambuliwa Saudia mwaka 2012. Jamaa wa kirusi chake alipatikana kwa popo wa Uganda, na mwaka 2017 watafiti wakaeleza kuwa ufunguo wake haukufungua kitasa cha binadamu. (Popo huyo ni yule mdogo mla wadudu, si huyu mwizi wa maembe.) Inaaminika kuwa babu wa kirusi hicho alitoka kwa popo akaingia kwa ngamia, na huko ukoo wake ukakaa miaka mingi. Damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992 ilikutwa na kingamwili za MERS, miaka 20 kabla ugonjwa haujapewa jina!

Na sisi je? Ilipimwa damu ya wafugaji zaidi ya 1,000 wa Garissa na Tana River. Wawili, ambao damu yao ilichukuliwa 2013 na 2014, walikuwa na kingamwili. Wawili ni wachache, lakini inaonyesha kirusi kilishawagusa watu kimyakimya, na hakuna mwembe uliohusika.

Embe lililotafunwa na popo silikati nikala upande wa pili kama tulivyofanya utotoni, nalifukia. Nikimshika ngamia mwenye mafua nanawa kwa sabuni. Ugomvi uko kwenye maziwa. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia maziwa ya ngamia yakichemshwa yamekufa, hayana ladha. Kweli, ladha hubadilika. Nyumbani kwangu tunachemsha, naye akija kututembelea hunywa chai.