King'ora cha gari au kizuia injini: uanze na kipi?

King'ora cha gari kinafaa palipo na mtu wa kukisikia na kutoka nje. Gari likilala peke yake kando ya shamba, mwizi atakiacha kilie huku akifungua boneti na kuchomoa waya wa betri. Na vingine hulia hata mbuzi akijikuna kwenye bampa, mpaka majirani wanazoea.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama pesa inatosha kifaa kimoja, mimi ningeanza na kile kinachozuia injini isiwake. Angalia dashibodi kwanza: baadhi ya magari kutoka Japani huja nacho tangu kiwandani, na taa ndogo nyekundu humweka ukishachomoa ufunguo. Kama hakipo, fundi umeme wa magari anaweza kukufungia swichi ya siri. Muulize inakata umeme wa nini. Ikikata stata peke yake, gari la gia za mkono litasukumwa na kuwaka. Kwa gari la petroli, ikikata na pampu ya mafuta, litakohoa kidogo kwa mafuta yaliyobaki kwenye mipira, kisha litazima.

Kataa kifaa kinachoweza kuzima injini gari likiwa kwenye mwendo. Usukani na breki huwa vizito, na kikijizima chenyewe mteremkoni ni wewe uliyebeba abiria, si mwizi.

Kabla ya kumlipa fundi, zima swichi hiyo, piga stata mwenyewe, halafu waombe vijana walisukume.