Kutoonekana kwa mnyama si ithibati kwamba hayupo

WAHENGA walinena kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Kwa wanyamapori, kauli hii huweza kuleta maafa, kwani msitu unaodhaniwa kuwa mtupu huenda ukanyimwa walinzi na fedha ilhali mnyama angalimo.

Mfano mwafaka ni bongo wa milimani, swara mwenye milia myeupe apatikanaye porini nchini Kenya pekee. Wataalamu hukadiria kuwa waliosalia porini hawafiki 100, nao wametawanyika katika misitu kama vile Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Mnyama huyu ni mwoga, hupenda vichaka vizito, na huweza kupita kando ya kamera ya mtafiti bila kunaswa.

Je, mtafiti asipomwona aandike kwamba hayupo? La hasha! Huenda kweli hayupo, au yupo ila hakuonekana.

Ili kutenganisha mambo haya mawili, eneo moja huchunguzwa mara kadhaa katika kipindi kifupi, kabla wanyama hawajahama. Tuseme uwezekano wa kumwona mnyama aliyepo ni asilimia 30 katika kila ziara. Basi uwezekano wa kumkosa mara moja ni asilimia 70, na wa kumkosa mara 3 mfululizo ni takriban asilimia 34. Yaani, katika kila maeneo 3 anamoishi, 1 hivi litaandikwa kuwa tupu. Ziara zikifika 9, hatari hiyo hushuka hadi asilimia 4.

Kiwango hicho cha kuonekana hakibuniwi, bali hukadiriwa kutokana na rekodi zenyewe. Pale mnyama alipoonekana ziara moja akakosekana nyingine, tofauti hiyo hudhihirisha ugumu wa kumgundua.

Utaratibu huu ulielezwa mwaka 2002 na Darryl MacKenzie na wenzake katika jarida la Ecology. Walipochanganua takwimu za maeneo oevu jimboni Maryland, Marekani, aina moja ya chura iligunduliwa katika takriban asilimia 34 ya maeneo hayo. Hesabu ilipozingatia waliokosa kugunduliwa, makadirio yalipanda hadi asilimia 49.

Hivyo basi, msomaji, ukiambiwa kuwa mnyama fulani ametoweka, uliza kwanza: alitafutwa mara ngapi, na anapokuwepo, huonekana kwa urahisi kiasi gani?