Mvinyo wa Mendoza: mezani mtamu, shambani mchungu

Chupa ya Mendoza, Argentina, iliyoandikwa jina la zabibu ya Malbec si lazima iwe Malbec tupu. Sheria ya Argentina inadai asilimia 85 tu itoke kwenye zabibu iliyotajwa kwenye lebo. Inayobaki ni hiari ya mtengenezaji. Chupa zinazojitangaza waziwazi kuwa ni mchanganyiko huwa na uhuru zaidi: Malbec inaleta ulaini na harufu ya tunda lililoiva, Cabernet Sauvignon inaleta ukakasi, na Bonarda inakoleza rangi bila kupandisha gharama.

Hiyo Bonarda ndiyo yenye mgogoro. Kwa ukubwa wa mashamba ni ya pili kati ya zabibu nyekundu za Argentina, lakini jina lake halimvuti mnunuzi wa nje, hivyo nyingi huishia kwenye mchanganyiko na mkulima wake hana nguvu ya kudai bei.

Mkulima mmoja wa mashariki mwa mkoa wa Mendoza, aliyeomba asitajwe kwa kuwa bado anategemea kiwanda kilekile, anaeleza utaratibu ambao kila jirani yake anaujua. Mavuno huanza Februari na kuisha Aprili. Zabibu zikishapimwa mzani kiwandani, fedha huja kwa awamu, mwezi baada ya mwezi, mpaka mavuno mengine yanakaribia. Kwenye uchumi uliotulia huo ungekuwa usumbufu tu. Lakini mwaka 2023 mfumuko wa bei ulifika asilimia 211.4, na Desemba hiyo peso ikashushwa kutoka takriban 366 hadi 800 kwa dola moja. Awamu zake za mwisho, anasema, zilikuwa karatasi. Dizeli ya trekta haikumngoja, wala vibarua wa kupogoa. Anachouliza ni kwa nini mvinyo uuzwe kwa dola, naye aliyeotesha zabibu alipwe kwa peso ya mwaka jana.

Wenye viwanda wanajitetea kwamba hata dola zao walilazimika kuzibadilisha kwa bei rasmi, chini kabisa ya ile ya mtaani. Ni kweli, ingawa hawasemi mkulima alikuwa na njia gani ya kujikinga.

Maofisa wa serikali nao wana jibu moja la miaka yote: soko la nje. Wanakumbusha kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 Muajentina alikunywa takriban lita 90 za mvinyo kwa mwaka, na sasa hafikishi 20. Takwimu hiyo haina ubishi. Ila ni serikali yenyewe iliyoweka ushuru kwenye mauzo ya nje mwaka 2018, na ulipokuja kuondolewa kwenye mvinyo, mkulima wetu hakuona tofauti kwenye malipo yake.

Hata hivyo, kinachoubeba mchanganyiko wa Malbec, Cabernet na Bonarda sokoni ni nyama. Kwenye asado, nyama choma ya Argentina, mbavu za ng'ombe hukatwa kukingama mfupa, zikatiwa chumvi ya mawe na kuachwa juu ya makaa bila haraka. Mafuta na protini za nyama hupunguza ukakasi wa Cabernet, na mvinyo uliokuwa ukikaza ulimi unalainika. Mla nyama choma wa Nairobi au Arusha hahitaji kufundishwa hilo, ila ajihadhari na pilipili: mvinyo wenye kilevi cha asilimia 14 huzidisha mwasho. Samaki ndiyo usiseme. Huacha ladha ya chuma mdomoni.

Mbele hakusomeki vizuri. Mashamba ya Mendoza yanaishi kwa maji ya theluji ya Andes, ambayo kwa miaka mingi imekuwa haba, na mvua ya mawe inaweza kumaliza shamba kwa dakika chache. Neti za kuikinga zipo, lakini ni ghali, na anayelipwa kwa awamu hukopeshwa kwa shida. Wauzaji wa nje wanatabiri kuwa chupa za bei ya kati zitashika soko. Huenda. Mkulima wa Bonarda anafikiria kung'oa sehemu ya mizabibu yake apande vitunguu saumu, ambavyo mnunuzi wake hulipa papo hapo.