Kutoka Maji ya Chumvi Hadi Theluji ya Kibo

Dadangu amenigombeza juma zima, na haki ni yake. Mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 27, ameazimia kuogelea kilomita tatu ndani ya mwamba wa Nyali, apande baiskeli papo hapo ufuoni na kuiendesha hadi Marangu, kisha aukwee mlima Kilimanjaro mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari ile ile aliyotoka ndani yake. Na aliyemtia moyo, kwa kauli ya dadangu, ni mimi.

"Babake alichukuliwa na bahari," aliniambia juzi huku akipepeta mchele wala hanitazami. "Sasa wanitakia na huyu achukuliwe na mlima?"

Sikuwa na jawabu. Shemeji yangu alikuwa mvuvi. Alitoka usiku mmoja wakati wa kusi kali na ngalawa ikarudishwa na mawimbi bila yeye. Tulimswalia Swala ya ghaibu, kwa kuwa maiti haikuonekana. Kijana alikuwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo mamake hakumkataza kuogelea, bali alisema kuwa asiyejua maji ndiye anayeuawa na maji. Basi akaogelea, na leo ndiyo haya.

Msomaji mpenzi, jambo lenyewe halikuzuliwa Mombasa. Mashindano ya michezo mitatu, kuogelea, baiskeli na mbio, yalianza San Diego huko Marekani mwaka 1974, na mwaka 1978 watu 15 wakashindana kisiwani Hawaii kwa masafa yaliyotisha walimwengu: kilomita 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli na 42 kwa miguu. Kumi na wawili walimaliza. Waliokuja baadaye wakaona mbio hazitoshi wakatia mlima mahali pake. Mwaustralia Tim Macartney-Snape alianza ufuoni mwa Ghuba ya Bengal mwaka 1990 akaenda kwa miguu mpaka kileleni Everest. Msweden Göran Kropp alitoka kwao kwa baiskeli mwaka 1995 akiwa na mizigo yake yote, akafika Nepal, na mwaka 1996 akapanda Everest bila mtungi wa hewa. Huyu Kropp nitamrudia.

Mpwa wangu hana pesa za Everest. Ana baiskeli ya mtumba aliyoibadilisha giya na breki, ana kazi ya ukarani inayompa likizo ya wiki tatu, na ana mjomba asiyejua kukataa.

Tuanze na bahari, maana hapo nami nina neno. Kijana alikuwa amechagua siku kwa kutazama kalenda ya ukutani, Jumamosi moja ya mapumziko. Nilipohesabu nikaona Jumamosi hiyo ni mwezi kumi na tano, bamvua, maji yanajaa na kutoka kwa nguvu hata mkondo wa kwenye mlango wa mwamba unaweza kumvuta mtu nje akaonekana kama nazi inayoelea. Nikamwambia kalenda ya kuogelea ni ile ile ya kufungia saumu. Mwezi nane na mwezi ishirini na tatu maji ni mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Na msimu uwe wa kaskazi, si wa kusi, kwa kuwa wakati huo bahari ya ndani hutulia na maji huwa safi hata konyeza humwona kabla hajakuchoma. Kwa bahati njema miezi ya Januari na Februari ndiyo miezi ya ukavu huko Kilimanjaro pia.

Tukachagua mwezi nane Shaabani. Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonifurahisha kuliko shairi lolote nililotunga mwaka huu. Ukitoka majini mwezi nane, ukaendesha baiskeli siku tatu, ukapumzika Marangu siku moja, ukaanza mlima mwezi kumi na mbili, basi usiku wa kukwea kileleni unaangukia baada ya mwezi kumi na tano, mwezi ukiwa mpevu. Wapandao Kibo huondoka kambini kiasi cha saa sita za usiku, wakakwea gizani ili wafike alfajiri. Maji mafu kwa mwogeleaji na mbalamwezi kwa mkwezi, vyote katika hesabu moja. Wazee wetu hawakupanda Kibo, lakini kalenda yao inafaa hata huko.

Ama kuhusu baiskeli, ni kiasi cha kilomita 300. Siku ya kwanza ni Mombasa hadi Voi, zaidi ya 150, na ndiyo siku ninayoichukia. Kilima cha Mazeras chaanza mapema, kisha ni nyika ya Taru, jua la utosini, na malori yaendayo bara yakipishana kana kwamba barabara ni ya mirathi yao. Amejizoeza kwa kwenda Mariakani na kurudi kila Jumapili kwa miezi sita. Mara mbili alitupwa kando na upepo wa lori. Nilimnunulia koti la rangi ya kung'aa na kioo cha kutazamia nyuma, na nimemtoza ahadi ya kuondoka kila siku baada ya Alfajiri na kuwa kivulini kabla ya Adhuhuri. Mackinnon Road tutasimama kwenye kaburi la Sayyid Baghali, yule aliyefanya kazi ya reli, ambaye yasimuliwa kuwa karai lake lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Tutaswali na kunywa maji. Toka Voi njia yaingia Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, na lami imefika kote. Siku ya tatu ni mpaka wa Holili, Himo, kisha mwinuko mpaka Marangu.

Haya yote hayakumtia hofu dadangu kama mlima, na hapa niseme ukweli ambao kijana hapendi usemwe. Mwaka uliopita alijaribu Mlima Kenya, akitaka kufika Lenana, mita 4,985. Alitoka Mombasa kwa basi la usiku, na siku ya pili ya mlima akawa kambi ya Shipton, mita 4,200. Kifua chake ni cha mwogeleaji na miguu yake ni ya chuma, akawaacha nyuma wenzake wote. Usiku kichwa kikaanza kupasuka, akatapika, na alipoinuka kwenda haja akawa apepesuka kama mlevi. Kiongozi wake, mzee wa Nanyuki, hakuuliza mara mbili. Alimshika mkono wakateremka usiku ule ule kwa tochi. Kupepesuka vile ni dalili kuwa ubongo waanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, si asubuhi, bali saa hiyo hiyo.

Alirudi nyumbani akajifungia siku nne. Aliona aibu. Mimi niliona kuwa mtu wa pwani amezaliwa chini kabisa ya hewa, na juu ya Kibo kanieneo ya hewa ni kama nusu ya hii tunayoivuta Mombasa. Nguvu ya misuli haimsaidii mtu hapo, bali humponza, kwa kuwa humfanya akimbilie mahali ambapo damu yake haijajiandaa. Ndiyo maana wapagazi wa Marangu hawachoki kusema polepole. Safari hii atalala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, 3,720, hapo akae usiku wa pili bila ya kupanda kambi, ndipo aende Kibo, mita 4,720. Daktari amemwandikia vidonge na kumweleza kuwa vidonge havimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Na miezi hii amekuwa akienda Taita kupanda Vuria, mita 2,200 hivi, si kwa ajili ya hewa bali azoee kutembea polepole. Hilo, aniambia, ndilo zoezi gumu kuliko yote.

Mei 2024 dadangu alisikia redioni habari za Mkenya mwenzetu Cheruiyot Kirui aliyefariki karibu na kilele cha Everest akijaribu kupanda bila mtungi wa hewa. Hakulala. Kijana naye akamtolea habari za James Kagambi, Mkenya wa kwanza kufika kilele hicho, mwaka 2022 akiwa na miaka 62. Mama na mwana wakabaki kutupiana majina ya watu, mmoja wa aliyekufa na mmoja wa aliyerudi.

Ndipo nikawasimulia Kropp. Mapema Mei 1996, baada ya kuendesha baiskeli toka Ulaya, alifika kiasi cha mita 100 chini ya kilele, akatazama saa, akaona kuwa akiendelea atashuka gizani. Akageuka. Wiki tatu baadaye alirudi akafika. Nikamwambia mpwa wangu mbele ya mamake: sikutaki ahadi ya kufika. Nataka ahadi kuwa kiongozi akisema shuka, utashuka, hata ukiwa umebakiza hatua kumi. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha alimpa mamake mkono.

Kuna mambo madogo yaliyobaki. Kitambaa cha suruali ya kuogelea tulikitafuta kirefu, kifunike toka kitovuni hadi chini ya goti, naye fundi akadhani twamfanyia mzaha. Glavu na sweta zilipatikana mitumba ya Kongowea. Aliniuliza ataswali vipi kwenye baridi ya chini ya sufuri, nikampa darasa kama la chuoni: kupunguza na kukusanya Swala, kupaka maji juu ya viatu alivyovivaa na udhu, msafiri ana siku tatu na usiku wake, na kutayamamu iwapo maji yatamdhuru, kama alivyofanya Amr bin al-As usiku wa baridi naye yumo vitani. Mimi nitafuata kwa gari la kukodi mpaka lango la Marangu. Alinitajia tena umri wa Kagambi, nikajifanya sikusikia.

Jana nilipita kwa dadangu. Safari hii alinitazama. Akaniuliza, "Usiku wa Nisfu Shaabani, nitakapokuwa nasoma Yasin, yeye atakuwa wapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Horombo," nikamwambia. "Atakuwa amepumzika."

"Nionyeshe ni upande gani," akasema, akafungua dirisha.