Mtoto Akibadilika Tabia Ghafla, Usikimbilie Kiboko

Tuseme una mtoto wa miaka tisa ambaye daima amekuwa miongoni mwa wa kwanza darasani. Muhula huu alama zake zinashuka vibaya. Akitumwa dukani anasahau alichotumwa. Anakasirika ovyo, na wakati mwingine hudai kuona vitu ambavyo wengine hawavioni. Mwalimu anasema ni mtundu. Jirani anasema ana mapepo. Baba anatafuta kiboko.

Mara nyingi mabadiliko ya aina hii hutokana na huzuni, kuonewa na wenzake au matatizo ya nyumbani. Hata hivyo, mara chache sana, huwa ni mwanzo wa ugonjwa wa ubongo. Mmoja wapo hujulikana kwa kifupi kama SSPE, na chanzo chake ni ukambi.

Mtoto huugua ukambi akapona, lakini virusi hubaki vimejificha ubongoni. Kwa kawaida hupita miaka sita hadi kumi kabla ya dalili kutokea. Walio katika hatari zaidi ni wale waliopata ukambi kabla ya kutimiza miaka miwili. Daktari Mmarekani, James Dawson, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1933.

Baada ya tabia kubadilika, viungo huanza kushtuka. Kikombe humtoka mtoto mkononi, naye huadhibiwa kwa uzembe. Baadaye huja kifafa, kupoteza uwezo wa kuona, na kushindwa kutembea na kusema.

Mtoto wako akionyesha dalili hizi, mpeleke hospitalini mapema, na umweleze daktari ikiwa aliwahi kuugua ukambi. Daktari anaweza kupima umeme wa ubongo na maji ya uti wa mgongo. Usiogope kumkaribia mtoto, kwani SSPE haiambukizi.

La kusikitisha ni kwamba ugonjwa huu hauna tiba. Zipo dawa zinazoweza kupunguza kasi yake, lakini wagonjwa wengi hufariki katika muda wa miaka michache.

Kinga ndiyo silaha iliyopo. Chanjo ya ukambi haileti SSPE, huizuia. Nchini Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, kisha tena akiwa na miezi 18. Wazazi wengi huisahau ile ya pili. Itazame kadi ya kliniki ya mwanao leo.